Mahali Alipolala Baba

Jumatano jioni, tarehe 13 Januari 2021, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Kesho yake ilikuwa uchaguzi. Nilikuwa sebuleni kwetu Tororo, nimekaa mkekani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nikisubiri video ya yoga ifunguke nilitazame mapema somo la asubuhi. Kile kiduara kilizunguka weee, mwisho nikaizima simu. Nilikuwa nimefika siku ya kumi.

Mimi ni wakala wa forodha Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Lori likitoka Mombasa, makaratasi yake yako mikononi mwangu. Nikikosea tarakimu moja, kontena linaganda yadi, mwenye mzigo ananipigia simu kutoka Kampala, dereva ananipigia kutoka kwenye foleni, na gharama ya kila siku inahesabika. Mwaka 2020 ulitutoa jasho. Madereva walikuwa wakipimwa corona mpakani, na foleni ya malori upande wa Kenya ikarefuka kilomita na kilomita. Kulikuwa na waliolala siku kadhaa chini ya trela zao, wakipika kwa jiko la mkaa kando ya barabara. Hasira zao zilinifikia mimi kwa simu, na sikuweza kuwalaumu.

Halafu mwezi wa Agosti baba akafariki. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 hakuondoka Tororo. Kiswahili cha nyumbani kwetu ni chake. Tulimzika siku hiyohiyo, watu wachache tu, kwa masharti ya wakati ule. Siku ya tatu nilikuwa kazini.

Kufikia Desemba nilikuwa nashtuka saa tisa kila usiku, meno nimeyabana hadi taya linauma. Muuguzi wa zahanati alinipima presha akapata 148 kwa 94. Akaniacha nikae dakika kumi, akapima tena, tofauti ikawa ndogo mno. Akaniambia nipunguze chumvi, nitafute mazoezi, nirudi baada ya mwezi ndipo tuzungumze habari ya vidonge. Mwenzangu mmoja wa ofisini ndiye aliyenitajia yoga. Alinisisitizia kitu kimoja: nifanye kidogo, lakini nisiruke siku.

Nilianza Jumatatu tarehe 4, baada ya sala ya alfajiri, dakika ishirini. Mwalimu wangu wa kwenye simu alikuwa mama wa Kihindi mwenye mvi, sauti yake ya taratibu. Mkeka wa ukindu uliteleza kwenye saruji, nikautandikia blanketi chini. Kulikuwa na mkao wa paka, mikono na magoti chini, mgongo unaukunja juu ukitoa pumzi, unauachia ushuke ukivuta. Kulikuwa na ule wa mbwa anayejinyoosha, makalio juu na visigino vikitafuta sakafu. Vyangu havikuifikia mwezi mzima. Mkao wa mtoto ndio niliouweza tangu siku ya kwanza: unakalia visigino, unainama mpaka paji la uso liguse mkeka. Mwili wangu ulikuwa ukiujua tayari, kwa miaka yote ya sijida.

Lakini kilichonishika ni pumzi. Yule mama alitufundisha kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi. Ni jambo la mwili tu, halihitaji imani. Nilipojaribu mara ya kwanza nilifika tatu nikakwama. Nikagundua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa navuta hewa na kuizuia kifuani, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Somo lilimalizikia kwenye savasana. Unalala chali, miguu umeiachanisha, viganja vinatazama juu, husogei. Maana yake ni mkao wa maiti. Siku ya kwanza niliposikia hivyo niliinuka nikakunja mkeka. Pale sebuleni, chini ya dirisha linaloutazama Mwamba wa Tororo, ndipo tulipomlaza baba kabla ya kuoshwa. Siku zote tisa zilizofuata niliizima video ikifika hapo.

Asubuhi ya uchaguzi mji ulikuwa kimya. Nilitandika mkeka nikafuata kile nilichokumbuka: paka, mbwa, mtoto. Bila sauti ya kuniongoza nilijikuta nahesabu pumzi zangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilifika sita bila kulazimisha. Sikuwa na video ya kuzima. Nikalala chali.

Nililia. Machozi yalitelemka pembeni yakaingia masikioni, na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa imelala upande wake nami sikutaka kuiamsha. Tangu Agosti sikuwa nimelia hivyo.

Sijui mama alisimama mlangoni kwa muda gani.

"Mwanangu, umeanguka?"

"Hapana, mama. Ni yale mazoezi."

"Mazoezi ya kulala alipolala baba yako?"

Sikuwa na jibu. Akaja polepole, goti lake bovu, akakaa ukingoni mwa mkeka. Nilidhani atanikataza, kwa sababu wiki ile ya kwanza alikuwa ameniuliza kama hii si ibada ya watu wengine. Badala yake akaniambia kwamba alipokuwa msichana alilea watoto katika nyumba ya Wahindi wenye duka hapa mjini. Bibi mzee wa nyumba ile kila alfajiri alijinyoosha barazani, halafu akalala chali vilevile. Siku ya kwanza mama alikimbia kumwita mwanawe, akidhani bibi amekata roho. "Akafumbua jicho moja," mama alisema, "akaniambia, 'Napumzika tu, binti.'" Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, familia ile ikaondoka. Bibi alimwachia mama sufuria ya shaba, ndiyo ile tunayopikia pilau ya Idi. Miaka yote nimeisugua kwa majivu na ndimu bila kujua ilikotoka.

Mtandao ulirudi Jumatatu tarehe 18. Yule mwalimu sikumrudia isipokuwa mara mbili tatu, kwa ajili ya mikao niliyoisahau. Mpakani mambo hayakubadilika, ila niliweza kusikiliza simu ya dereva mpaka mwisho mabega yakiwa chini. Usingizi ulirudi kwanza, ukifika saa kumi na moja kasoro. Presha ilishuka hadi 136 kwa 88, na kwa haki niseme chumvi nayo nilikuwa nimeipunguza. Muuguzi akasema vidonge visubiri.

Siku ya thelathini, tarehe 2 Februari, nilikuwa nimeshalala chali mama alipoingia. Alivua ndara, akajifunga kanga ya pili miguuni.

"Nisogezee."

Nikamsogezea. Akashuka kwa mkono mmoja ukutani, kisha akasita.

"Kichwa cha baba yako kilikuwa huku," akasema, akageuka, akalala upande huo, miguu yake karibu na kichwa changu.

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu, mama. Pumua."