Mililita Ishirini za Damu

Siku ya nane baada ya upasuaji, saa kumi alfajiri, muuguzi wa zamu aliona damu kwenye dreni (mrija wa kutoa majimaji tumboni) ya mgonjwa tuliyemtoa kichwa cha kongosho kwa sababu ya saratani. Ilikuwa mililita 20 hivi, ikakoma yenyewe. Presha nzuri, mapigo 88 kwa dakika, hemoglobini haijashuka. Ni rahisi mno kuandika "aendelee kuangaliwa" na kungoja raundi ya asubuhi. Yeye alipiga simu.

Haki ya kupiga alipewa jioni ile ile ya upasuaji. Kongosho lilikuwa laini kiasi kwamba uzi ukikazwa unakata nyama, na mfereji wake ulikuwa na kipenyo cha milimita 2 tu. Kongosho la namna hiyo likiunganishwa na utumbo, kuvuja ni jambo la kutarajiwa. Tulikaa wote, wapasuaji, daktari wa usingizi, mtaalamu wa radiolojia na wauguzi, tukaandika kwenye faili: amilesi (kimeng'enya cha kongosho) ya dreni ipimwe siku ya kwanza na ya tatu, damu yoyote baada ya saa 24, hata kidogo, apigwe CT ya mishipa (picha za kompyuta za mishipa ya damu) papo hapo, aliyeiona ndiye apige simu, bila kupitia ngazi. Siku ya tatu amilesi ilipita mbali mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida katika damu, ishara ya kuvuja, kwa hiyo dreni ikabaki.

Damu hii ndogo hutangulia kubwa. Majimaji ya kongosho yanayovuja hula kisiki cha ateri ya gastroduodeni, tawi la ateri ya ini tuliloifunga wakati wa upasuaji. Ukuta wake hulegea na kutuna, hutoa damu kidogo, donge huziba, kisha baada ya saa chache au siku kadhaa donge huachia. Hapo muda wa kujadiliana huwa umekwisha.

CT ilionyesha kifuko cha damu pale pale kwenye kisiki. Mpasuaji mmoja alitaka turudi tumboni. Mwenzake alikataa: tishu zilizokwisha kumeng'enywa hazishiki uzi. Kuziba ateri ya ini kwa koili (nyaya ndogo za kuziba mshipa) nako kungeweza kulinyima ini damu. Mtaalamu wa radiolojia alihakikisha kwanza kwamba vena ya porta, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, iko wazi, kisha akapendekeza stenti iliyofunikwa, yaani mrija mdogo wa wavu wenye utando, ipitishwe kutoka ateri ya paja, izibe mdomo wa kifuko huku damu ikiendelea kwenda kwenye ini. Daktari wa usingizi alisema kitu ambacho sisi wengine hatukukiwaza: mgonjwa hashuki radiolojia bila yeye, na chupa nne za damu zitangulie. Chumba cha upasuaji kiliachwa tayari.

Stenti ilikaa vizuri. Majimaji yaliyojikusanya nyuma ya maungio ya kongosho na utumbo tuliyatoa kwa mrija wa pili kupitia ngozi.

Uholanzi walijaribu utaratibu wa kupima na kuamua mapema namna hii katika hospitali zao zote 17 zinazopasua kongosho. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha vifo ndani ya siku 90 vikishuka kutoka asilimia 5 hadi 3. Hawakubadilisha mbinu ya kushona. Walibadilisha nani anatazama nini, na lini anachukua hatua.

Mgonjwa wetu alirudi nyumbani siku ya 26. Dreni ya mwisho tuliitoa kliniki, na muuguzi aliyepiga simu ndiye aliyekata uzi ulioishikilia.