Ratiba ya mitandao ipimwe kwa wiki mbaya

Biashara nyingi ndogo huingia mitandaoni kwa nguvu ya soda. Wiki ya kwanza posti tatu kwa siku, wiki ya pili moja, wiki ya tano ukurasa umelala, na kitu cha juu kabisa ni ofa iliyokwisha siku nyingi. Mteja mpya akifika hapo anajiuliza kama duka bado lipo. Mara nyingi haulizi, anaondoka.

Tatizo ni kwamba ratiba hupangwa siku mtu ana nguvu na muda. Ipange kwa kufikiria wiki mbaya: mzigo umechelewa, mtoto anaumwa, wateja watatu wanadai oda zao kwa mpigo. Wiki kama hiyo ungeweza kuposti mara ngapi bila kujiumiza? Ukijibu mara mbili, basi ratiba yako ni mara mbili. Usiidharau: mbili kwa wiki ni posti 104 kwa mwaka. Yule wa tatu kwa siku akichoka baada ya wiki tatu ameishia 63, na ukurasa umekufa.

Chagua mtandao mmoja mkuu, uongeze WhatsApp ya kuzungumza na kuuza. Usichague kwa kusikia kwamba mtandao fulani unavuma. Waulize wateja wako kumi wa mwisho walikusikia wapi, majibu yatakuonyesha pa kukaa. Video ileile unaweza kuitupia kwingine kama haikuchukui zaidi ya dakika tano. Ikizidi hapo, achana nayo.

Kinachowachosha watu hasa ni kutafuta cha kuposti kila siku asubuhi, kuliko kuposti kwenyewe. Dawa yake ni kupiga picha kwa mkupuo, kwa muda wa saa mbili, kila baada ya wiki mbili. Chukua mfano wa fundi wa mikoba ya ngozi. Mkoba mmoja unampa picha ya mbele, picha ya ndani mifuko ikionekana, picha ya karibu ya mshono, na picha ukiwa begani mwa mtu ili ukubwa ueleweke. Kisha klipu tatu za sekunde kumi: sindano ikipita kwenye ngozi, zipu ikifunguliwa na kufungwa, vitu vikiingizwa ndani kimoja kimoja. Hapo tayari kuna posti nne au tano: mkoba wenyewe, jinsi unavyoshonwa, unabeba nini, namna ya kuutunza ngozi isipasuke, na jibu la swali ambalo wateja hawaachi kuliuliza. Mikoba miwili kwa siku hiyo moja, na una akiba ya wiki nne.

Siku ya kupiga, futa lenzi ya simu kwanza kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu husingizia simu mbovu. Kaa karibu na dirisha na uzime taa ya ndani, maana mwanga wa aina mbili ukichanganyika rangi zinadanganya: mkoba wa kahawia unatoka mwekundu, mteja anaupokea na kuurudisha. Kwa video, shika simu wima, na maneno yaandikwe katikati ya fremu. Sehemu ya chini na ukingo wa kulia hufunikwa na jina la akaunti na vitufe, kwa hiyo bei iliyoandikwa huko chini hakuna atakayeiona.

Na tukitaja bei: hii tabia ya "bei njoo inboksi" ni kujitwisha mzigo bure. Watu ishirini wakiuliza bei unaandika jibu lilelile mara ishirini, na wale waliokuwa na haya ya kuuliza wameshapita. Kama kazi yako hutegemea vipimo, andika "kuanzia" na kiasi, kisha ueleze kinachoipandisha. Anza maelezo ya posti na jambo lenye uzito. Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini huonyesha mwanzo tu na kuficha mengine mpaka mtu abonyeze, kwa hiyo mstari wa kwanza ukiwa ni salamu na maua umeshaupoteza.

Posti zikishaiva zipange zitoke zenyewe. Kwa Facebook na Instagram, Meta Business Suite, programu ya kampuni inayomiliki mitandao hiyo, inafanya hivyo bila malipo. Hatari yake ni kujisahau: posti inatoka ikisifia bidhaa iliyokwisha jana, au inatoka kwa shangwe siku ambayo watu wote wako msibani. Kila Jumatatu tumia dakika tano kupitia zinazosubiri, na ukae na moja au mbili zisizochacha, kama zile za utunzaji, za kuziba pengo.

Sehemu inayokula muda kuliko zote ni majibu. Anayejibu kila mlio wa simu hafanyi kazi nyingine. Tenga nyakati mbili kwa siku, na uzitaje kwenye ukurasa ili mteja ajue lini atajibiwa. WhatsApp Business, ile WhatsApp iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara, inakuruhusu kuhifadhi majibu ya haraka hadi 50: unaandika alama ya mkwaju na neno fupi, kwa mfano /vipimo, na maelezo yote yanatokea. Weka pia ujumbe wa salamu, ambao hujituma mteja akiandika kwa mara ya kwanza au baada ya siku 14 za ukimya. Lebo, zile alama za kupanga mazungumzo ya wateja, ziwe chache: amelipa, anasubiri, amepelekewa. Ukiweka kumi na tano hutazitumia.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, huwapotosha wengi. Orodha moja hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwako inaonekana umetuma; ni mpaka ufungue taarifa za ujumbe ndipo uone uliowafikia ni wangapi. Kwa hiyo unapokabidhi bidhaa, mwombe mteja ahifadhi namba palepale na umuulize kama angependa kupata habari za mzigo mpya. Akikubali, mara mbili kwa mwezi zinatosha. Ukituma kila siku watakublokia, na wakikuripoti kwa wingi namba yenyewe inaweza kufungiwa.

Majina na namba hizo ziandikwe mahali pako pia, daftari au jedwali la kompyuta: nani, alinunua nini, lini, amekubali kutumiwa au la. Mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungiwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019, na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Hakikisha pia akaunti imesajiliwa kwa laini na barua pepe yako, si ya kijana aliyekufungulia, na uthibitishaji wa hatua mbili, ule unaodai namba ya siri ya ziada mtu akitaka kuingia, umewashwa. Ukurasa unaopotea kwa sababu aliyeufungua ameacha kazi hauna wa kumlilia.

Matangazo ya kulipia yangoje. Busti, yaani lipia isambazwe zaidi, posti ambayo tayari imeleta maswali yenyewe; iliyodorora bure itadorora hata kwa fedha. Halafu acha kuhesabu likes. Kwa kila oda muulize mteja "umetuonea wapi?" na uandike jibu, kisha mwisho wa mwezi gawanya gharama ya tangazo kwa idadi ya oda zilizotokana nalo. Ukiwa na jumbe arobaini na oda nne, kabla ya kubadilisha tangazo soma yale mazungumzo thelathini na sita yaliyokufa. Tazama ni nani aliyeandika wa mwisho, na jibu lako lilikuja baada ya saa ngapi.