Namba 12 kwenye mchezo wa Wafilipino

Mwaka wangu wa kwanza Doha niliumaliza sina hata riyali mia mbili mkononi. Mshahara ulikuwa riyali 1,000, kima cha chini ambacho Qatar iliweka Machi 2021 kwa wafanyakazi wote, sisi wa majumbani tukiwemo. Chakula na malazi ni juu ya mwajiri, kwa hiyo ningepaswa kubaki na kitu. Lakini mshahara ukiingia tarehe 28, tarehe 29 simu ya kwanza imeshapigwa kutoka kwetu Kaloleni, Kenya, na kufikia tarehe 3 nimebaki na za vocha. Karo, dawa za mama, matanga ya jirani, pikipiki ya kaka imeharibika. Nilikuwa natuma tu. Nani atakuamini ukisema huna, na uko Uarabuni?

Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa Mfilipino, yaya wa watoto wa nyumba ile. Mimi nilikuwa jikoni na usafi. Nilimwita Ate kama walivyomwita wenzake. Ni dada mkubwa kwa lugha yao, na kwetu pia mtu aliyekupita miaka 14 humwiti kwa jina lake. Kwao ni Iloilo. Nyumbani wanasema Kiilonggo, Kitagalogi alijifunza shuleni, sawa na mimi na Kigiriama changu na Kiswahili.

Kilichoniuma mwanzoni ni mshahara wake: dola 400, yaani karibu riyali 1,460, ndani ya nyumba ileile. Nilidhani anapendelewa. Usiku mmoja akatoa mkataba wake chini ya godoro akanionyesha mihuri. Tangu 2006, akasema wakati ule, serikali yao ilikuwa haipitishi mkataba wa mfanyakazi wa nyumbani ulio chini ya dola 400, na asiye na cheti cha kuruhusiwa kwenda kazini nje anarudishwa pale pale uwanja wa ndege wa Manila. Kabla ya kuondoka alikaa darasani akaelezwa haki zake, akaandikishwa kwenye mfuko wa ustawi wa wafanyakazi walio nje, ada dola 25. Na hapa Doha ipo ofisi yao ya kazi, mtu akidhulumiwa anajua mlango wa kugonga. Mimi nilipanda ndege na karatasi niliyotia saini bila kuisoma yote, wakala akinihimiza. Wivu kwa Ate uliisha usiku ule. Hasira ikabaki, ila si kwake.

Ijumaa yetu ya mapumziko tulikwenda Abu Hamour, penye makanisa. Misa ya Ijumaa hujaa Wafilipino mpaka nje, kwa sababu hiyo ndiyo siku yao ya kupumua. Baada ya misa niliona wanawake kumi wamekaa chini kuzunguka kopo la biskuti na daftari la jalada la kijani. Paluwagan, Ate akaniambia. Alipoanza kunieleza nikacheka kwa furaha, maana ulikuwa ni mchezo! Chama kilekile mama yangu anachocheza na wauza samaki wenzake: kila mtu anatoa, mmoja anabeba, mwezi ujao mwingine. Riyali 400 kila mwezi; wao kumi na Ate, nikiingia mimi tunakuwa 12. Zamu yako ikifika unaondoka na riyali 4,800.

Niliomba kuingia. Wakaongea Kitagalogi muda mrefu, na nilijua wananijadili mimi, Mwafrika pekee pale. Mweka hazina, keshia wa supamaketi, akaniuliza nani atasimama nami. Ate akajibu kabla sijafungua mdomo: "Akikimbia, nalipa mimi." Wengine wakavuta namba za zamu kutoka kwenye kopo. Mimi sikupewa nafasi ya kutia mkono. Mgeni huwekwa mwisho. Namba 12, Desemba 2024, na tulikuwa Januari.

Njiani nilinuna. Ate akaniacha mpaka tulipofika chumbani, ndipo akaniambia jambo ambalo sijalisahau: anayebeba mwanzoni amekopa, anayebeba mwishoni ameweka. Mwenye namba 1 atalipa deni mwaka mzima. "Wewe una deni?" Sikuwa nalo tena, la wakala nilikuwa nimelimaliza. Basi, akasema, namba 12 ni yako hasa.

Shida ilikuwa hizo 400 zitoke wapi. Akaniambia niandike nyuma ya kalenda kila nilichotuma kwa miezi mitatu, na nani aliomba. Kazi ile ilinitoa machozi. Mara 14 nilituma pesa, na mara 9 hazikuwa za mama wala za karo. Tukagawa mshahara kwa kalamu: 450 nyumbani, mara moja tu kwa mwezi, 400 kwenye mchezo, 150 zangu. Yeye mwenyewe aliishi hivyo. Kule kwao pia simu hupigwa, na anayefanya kazi nje huonekana ni mti wa kuchumwa tu.

Kaka sikumwambia kitu. Mama nilimwambia ukweli, kwamba nataka kuezeka nyumba yake, makuti yale yatoke. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu. Hao wengine niachie mimi." Na kweli simu zilipungua. Sijui aliwaambia nini, wala sikumuuliza.

Julai nilikwama. Wenye nyumba walisafiri kukimbia joto, wakaondoka bila kutulipa, mimi na Ate sote. Nilitaka nisiende Ijumaa ile kwa aibu. Ate akakataa: kwenye paluwagan kosa ni kunyamaza. Nikamwandikia mweka hazina siku tano kabla, nikataja tarehe nitakayolipa. Akanijibu kwa neno moja, "Sige," sawa. Ate alichukua kutoka kwenye akiba yake aliyoweka kwa ajili ya usafiri wa sanduku la kutuma kwao, lile balikbayan box wanalojaza kidogo kidogo, taulo, dawa za meno, nyama ya kopo, mpaka linabana. Akalipa zake na zangu. Sanduku likakaa pembeni ya kitanda mpaka Septemba bila kusafirishwa. Mshahara uliporudi, yake ndiyo niliyolipa kwanza.

Ijumaa ya Desemba nilipeleka mahamri ya nazi na iliki, nikakuta wao wamepika pancit, tambi za kwao. Keshia alihesabu noti mara mbili mbele ya wote, nikatia saini kwenye daftari la kijani, akapiga picha ukurasa ule akautuma kwenye kundi lao la Messenger. Riyali 4,800. Zilipoingia kwa M-Pesa ya mama zilikuwa kama shilingi 170,000. Mabati, mbao, misumari na fundi vilitoka humo, na zilizobaki zilikuwa karo ya muhula mmoja. Mama alinitumia picha ya kila risiti bila kuombwa.

Januari tulikaa tena chini kuzunguka kopo. Safari hii keshia alinisogezea nami nikatia mkono kama wenzangu. Nikatoka na 7.