Siku moja maishani mwangu: kuwinda bila Chapuo

Saa 11 alfajiri

Upepo wa kusi umekaza. Hapa Muyuni, kusini mwa Unguja, miezi hii baridi ya alfajiri humfuata mtu hadi ndani ya shuka. Nimeswali, nimekunywa chai ya mkandaa na muhogo wa kuchemsha, nimenoa panga na mkuki. Leo wasasi, yaani wawindaji, tunaingia porini kuwasaka nguruwe, na mara hii naingia bila mbwa wangu Chapuo. Alikufa mwezi uliopita. Banda lake la makuti bado liko nyuma ya nyumba, na mama watoto hajaniuliza nitalibomoa lini. Namshukuru kwa hilo.

Saa 12 na nusu

Napitia shamba kwanza. Huku kwetu ni maweni, ardhi ya matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe makali, na udongo mwekundu umejikusanya kwenye vishimo tu. Kila kishimo unakichimba kwa mkono, unapanda shina la muhogo au punje chache za mtama. Jembe la ng'ombe halina kazi hapa. Ndiyo maana nguruwe wakipita usiku, hasara yake inauma. Hawali wakamaliza. Wanafukua, wanang'ata nusu, wanahamia shina jingine.

Usiku wa jana wamepita kwa jirani yangu, bibi mmoja mjane anayelima peke yake. Nimemkuta amesimama katikati ya mashina yaliyopinduka, kanga kajitanda mpaka kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaona? Angekuwepo Chapuo hawa wasingethubutu."

"Kweli, bibi."

Nimeokota naye mihogo iliyosalia. Kwa miaka yote Chapuo alipokuwa na nguvu, shamba la bibi huyu alilizunguka sawasawa na langu, bila kutumwa na mtu.

Saa 2 asubuhi

Tumekusanyika chini ya mwembe. Ami yangu, ndiye mkubwa wetu, anagawa njia: wenye nyavu watangulie, wenye mbwa wafuate upepo. Mbwa wetu ni wa kienyeji, wa manyoya mafupi, wengi wekundu. Chapuo naye alikuwa mwekundu, kifua cheupe, na sikio la kushoto lilichanika tangu ujanani. Wazee husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Yeye ukali wake aliuacha porini. Nyumbani watoto walimpita wakikimbia naye hainui hata kichwa.

Ami amenishika bega: "Pole tena, baba." Kijana mmoja ameshangaa. Mbwa naye anatolewa pole?

Hilo nimeulizwa na wengi, na jibu langu ni moja. Sisi ni Waislamu, tena wa madhehebu ya Shafii, na hukumu ya mbwa tunaijua: chombo alichokiramba kinaoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilikuwa na ndoo yangu ya udongo safi karibu na kisima, na nguo za porini haziingii chumbani. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratul Maida aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa na wamiliki wao. Na hadithi inayosema mfuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku imemtoa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Chapuo alikuwa wa kuwinda na wa shamba. Mate yake ni najisi, sibishani na hilo. Uaminifu wake sijaambiwa popote kwamba ni najisi, na mtu aliyelindiwa chakula cha watoto wake ana haki ya kuhuzunika.

Saa 4 asubuhi

Tuko ndani, katika pori la kati ya Muyuni na Jambiani. Upande wa kaskazini ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na huko hatuingii na mbwa. Nguruwe hawajui mpaka. Wanalala hifadhini mchana, usiku wanakula kwetu. Wazee wanasimulia kwamba zamani chui ndiye aliyewapunguza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chui wa Unguja waliandamwa na kuuawa, na kazi yao ikabaki kwetu na kwa mbwa.

Sasa nieleze Chapuo alivyokuwa akifanya kazi, maana mbwa wa namna yake sijamwona mwingine. Akipata harufu habweki. Mkia unasimama, pua inashuka chini, anatembea taratibu akiepa mawe makali, na njuga ya shingoni inalia moja moja. Mbwa wengine walijifunza kunyamaza wakimwona yeye amenyamaza. Anabweka pale tu nguruwe anapokuwa mbele ya macho yake, sauti nzito, mfululizo, bila kuhama. Ukiisikia unajua pa kupeleka wavu.

Na paa hamfukuzi. Pori letu lina paa nunga, mnyama adimu duniani, na mbwa wengi wakimwona hawazuiliki. Chapuo nilimfundisha tangu mdogo, nikimrudisha kila alipogeuka kuwafuata, mpaka ikawa paa anakatiza mbele yake naye anamtazama tu, kisha anarudi kwenye njia ya nguruwe. Katika sifa zake zote, hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi.

Leo mambo yamekuwa mengine. Paa ameruka, mbwa wote wamemfuata, kelele imejaa pori. Tumepoteza muda mrefu kuwaita. Paa amepona, alhamdulillahi, ila kundi la nguruwe limeshatoroka. Tumepata mmoja, jike lililochelewa.

Tumepita pia pale dume lilipompiga Chapuo. Lilikuwa limeegemea jabali, halina pa kukimbilia, naye akasimama mbele yake kulizuia lisiwafikie vijana wa wavu. Jino lilimwingia ubavuni. Nilimbeba kwa gunia mpaka barabarani. Mganga wa mifugo alimshona, akampiga sindano, akaja tena kesho yake bila kuitwa. Jeraha lilikuwa refu kwa ndani. Aliondoka usiku, mimi nikiwa naye bandani.

Saa 7 mchana

Tumetoka. Nguruwe tumewaachia jirani zetu Wakristo waliotoka bara, wao wanamla. Nimeoga, nimefua, nimeswali adhuhuri.

Saa 10 jioni

Msasi mwenzangu ameniita kwake. Jike lake limezaa, na baba wa watoto ni Chapuo. Wamo watano, macho yameshafumbuka. Nimechuchumaa nikapiga kofi kubwa. Wanne wamekimbilia kwa mama yao. Wa tano, mwekundu mwenye kifua cheupe, ameruka kidogo, kisha akaja kunusa vidole vyangu kimoja baada ya kingine.

"Huyo ni wako, usinipe hata shilingi," mwenzangu amesema. "Baba yake amewafundisha kazi mbwa wangu wawili."

Nimekubali. Aendelee kunyonya kwanza.

Saa 3 usiku

Binti yangu amekwishamtafutia jina, nimemwambia asubiri. Mimi nawaza mafunzo. Mbwa mchanga hujifunza kwa kumfuata mkubwa, na wakubwa waliobaki wote wanafukuza paa. Kwa hiyo nimeamua kwamba huyu simwingizi na kundi mwaka wa kwanza. Nitatoka naye peke yetu, mkononi kamba ndefu, tukianzia kwenye shamba la bibi.