Njaa ya Russell, Hasira za Jordan

Fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikikaribia, ubishi wa nani mchezaji mkubwa kuliko wote huanza upya kwenye uwanja wetu wa saruji hapa Mbeya, na silaha ya kwanza huwa ni namba. Safari hii aliyeanza ni kijana wa kidato cha tano aliyekuja kuwatazama wasichana wangu wakifanya mazoezi. "Mwalimu, Wilt alifunga pointi 100 mchezo mmoja. Jordan hajawahi. Imeisha hiyo."

Haijaisha. Nafundisha hisabati, na jioni nainoa timu ya kikapu ya wasichana, kwa hiyo namba nazipenda, na ndiyo maana naumia zikitumika ovyo. Pointi 100 ni za kweli: tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, dhidi ya New York. Msimu ule Wilt Chamberlain alimaliza na wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Alicheza wastani wa dakika 48.5 wakati mchezo una dakika 48, maana yake karibu hakupumzishwa kabisa, na muda wa nyongeza ukajumlishwa humo. Ni maajabu, sibishi. Lakini miaka ile kila timu ilikuwa inatupa mpira golini zaidi ya mara 100 kwa mchezo na kukosa zaidi ya nusu. Kila mtupo unaokosa ni ribaundi ya mtu, yaani mpira wa kudakwa ukirudi kutoka kwenye ringi. Mbio zile zikikutana na mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.1 na nguvu za Wilt, namba lazima zifure.

Halafu sheria hazikukaa mahali pamoja. Mwaka 1964 ligi ilipanua eneo lililo chini ya ringi ili majitu kama Wilt yasipige kambi humo. Msitari wa pointi tatu, ambao ukifunga kutoka nyuma yake unapata tatu badala ya mbili, uliingia NBA msimu wa 1979–80, na mwaka ule timu ilikuwa inaujaribu chini ya mara tatu kwa mchezo. Siku hizi ni zaidi ya mara 35. Kuanzia 2004 waamuzi walikaza sheria inayomzuia mlinzi kumwekea mkono mwenye mpira. Ukichukua namba za Wilt ukaziweka kando ya namba za Stephen Curry, mchezaji wa siku hizi, na kutangaza mshindi, umejumlisha sehemu zenye asili tofauti bila kutafuta asili ya pamoja. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo kwenye mtihani, namkata.

Kwa hiyo mimi huangalia njaa ya kushinda. Kikosi, sheria, viatu, usafiri, vyote vinabadilika, lakini mtu anayetaka kushinda anaonekana yuleyule mwaka 1960 na mwaka 2020. Na njaa zenyewe hazilishwi chakula kimoja. Hapo ndipo mimi na mwenzangu wa kemia, mtu wa Tukuyu na mfuasi mkubwa wa Jordan, tunapoachana.

Yeye anasema hakuna aliyewahi kutaka kushinda kama Michael Jordan. Ana ushahidi. Timu ya Detroit iliitoa Chicago, timu ya Jordan, mwaka 1988, 1989 na 1990, na baada ya kipigo cha tatu Jordan alijenga misuli upya ili asisukumwe tena. Mwaka 1991 Chicago ikaifunga Detroit michezo minne kwa sifuri. Mataji sita, na mara zote sita yeye ndiye mchezaji bora wa fainali. Usiku wa 1997 kule Utah alipocheza akiwa mgonjwa na kufunga pointi 38, sitaki hata kuuzungumzia. Kila mtu ameuona.

Kinachonivuta zaidi kwa Jordan ni kisa kidogo cha Machi 1993. Kijana wa timu ya Washington aitwaye LaBradford Smith alifunga pointi 37 dhidi ya Chicago. Jordan akawaambia wenzake kwamba kijana yule, baada ya mchezo, alimpongeza kwa kejeli. Timu hizo zikakutana tena kesho yake, na Jordan akafunga pointi 36 kabla ya mapumziko, akamaliza na 47. Baadaye alikiri kwamba kejeli ile haikuwahi kutokea. Aliitunga mwenyewe ili apate hasira.

Mwenzangu akisimulia kisa hiki anakuwa kama anahubiri. Mimi nikikisikia nauona mpaka wa njaa ya Jordan. Ilihitaji adui, na adui asipokuwepo ilibidi atengenezwe. Mwaka 2009, alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa kikapu, alimwalika mwenzake wa shule aliyechukuliwa kwenye timu ya wakubwa wakati yeye ameachwa. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita na moto ule bado anauchochea. Ni mchezaji mkubwa, pengine ndiye mkubwa kuliko wote kumtazama. Lakini njaa ile siwezi kumfundisha binti wa kidato cha pili. Nimewaona makocha wakijaribu, wanawatukana watoto ili wapandishe hasira, na watoto wanaacha mchezo.

Jibu langu ni Bill Russell, na sichoki kulitetea.

Misimu 13, kuanzia 1956 hadi 1969, mataji 11. Alicheza michezo ya saba, ile ya kufa au kupona timu zikiwa zimetoshana tatu kwa tatu, mara 10, na timu yake, Boston, ikashinda yote 10. Mmoja wao ni fainali ya 1962 dhidi ya Lakers: pointi 30, ribaundi 40, muda wa nyongeza. Na mtu huyu alikuwa anatapika kabla ya michezo mikubwa. Wenzake walizoea kumsikia chooni, na wakimsikia roho zao zinatulia, kwa sababu wanajua Russell yuko tayari. Fikiria bingwa wa mara tisa au kumi, bado tumbo linamchafuka kwa kuuogopa mchezo ule ule aliokwisha kuushinda. Hakuna mtu aliyemkejeli. Hakutunga kisa. Njaa ilikuwa imejaa tayari alipoingia mlangoni.

Mwenzangu hunipinga kwa hoja moja nzuri: Russell alipoanza, ligi ilikuwa na timu 8 tu. Ni kweli, na alipostaafu zilikuwa 14. Lakini timu chache maana yake ni kukutana na wakali wale wale kila baada ya siku chache. Russell na Wilt walikutana zaidi ya mara 140. Wilt alimzidi pointi, alimzidi na ribaundi, ila Boston iliondoka na zaidi ya michezo 80 kati ya hiyo. Russell alijua kwamba hawezi kumzuia Wilt asifunge. Alichofanya ni kumfanya afunge kutoka mahali pagumu kidogo, akachoka kidogo, na hiyo ikatosha kwa timu nzima. Hata kuzuia mtupo alikuwa na akili ya peke yake: hakuupiga mpira ukaenda kwa watazamaji, aliuelekeza kwa mwenzake ili Boston waanze kukimbia.

Na walikuwa marafiki. Russell amekula mezani kwa mama yake Wilt. Sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa malaika asiyejali sifa: mwaka 1965 Wilt aliposaini mkataba wa dola 100,000 kwa mwaka, Russell alidai 100,001 na akapewa. Wivu alikuwa nao. Ila hakuuhitaji ili acheze.

Ukitaka kuona njaa ya namna hii ikifika mwisho wake, tafuta mchezo wa saba wa fainali ya 1969. Russell ana miaka 35, ni mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA. Boston ilimaliza ya nne kwenye kanda yake. Lakers wana Wilt, Jerry West na Elgin Baylor, wanacheza nyumbani Los Angeles, na mwenye timu amekwisha kuning'iniza maputo juu ya dari yaangushwe wakishinda. Robo ya mwisho Wilt anaumia goti, anatoka. Anaomba kurudi, kocha wake anamkatalia. Boston wanashinda 108 kwa 106. West alifunga pointi 42 na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande ulioshindwa. Maputo yakabaki darini. Baadaye Russell alimlaumu Wilt hadharani kwa kutoka uwanjani, na wakaacha kuzungumza kwa miaka mingi. Hilo nalo ni sehemu ya njaa yake, na si sehemu nzuri. Wilt alikuwa ameomba kurudi.

Kwa wale vijana wanaomshabikia LeBron, na ni wengi pale uwanjani, nina neno la heshima. Njaa ya LeBron na Kobe, nyota waliokuja baada ya Jordan, ina kitu ambacho Jordan hakutuonyesha sana: kukubali kuketi chini na kufundishwa. Kobe Bryant alikuwa na mataji manne mwaka 2009 alipokwenda Houston kujifunza kucheza chini ya ringi kwa Hakeem Olajuwon. LeBron James alikwenda kwa Hakeem huyo huyo mwaka 2011, baada ya Dallas kumfunga fainali, akiwa tayari amechaguliwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Mwaka uliofuata akapata taji lake la kwanza. Na Hakeem ni mtoto wa Lagos, aliyekuwa mchezaji wa handiboli na golikipa, akaukuta mpira wa kikapu akiwa karibu kumaliza sekondari. Wasichana wangu nikiwaambia hivyo wanakaa kimya kidogo. Wengi wao wameugusa mpira huu kwa mara ya kwanza kidato cha kwanza.

Hapo lazima mtu amtaje Hasheem Thabeet, mara nyingi kwa kebehi, na hapo nakuwa mkali. Mtoto huyu wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili mwaka 2009, timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Curry ni mtoto wa mchezaji wa NBA, amelala na mpira tangu utotoni. Thabeet alianza akiwa kijana mkubwa. Njaa inahitaji miaka, na miaka ile hakuwa nayo. Mtanzania wa kwanza kufika NBA anastahili kutajwa kwa adabu, hasa na sisi.

Fainali zenyewe huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu. Hakuna kibanda umiza kitakachokuonyesha kikapu saa hizo, na baridi ya Juni hapa Mbeya haina masihara, kwa hiyo naangalia kwenye simu nikiwa ndani ya blanketi, naishia bando, na asubuhi naingia darasani.

Wiki iliyopita nahodha wangu aliniuliza, mbele ya wenzake, kwa nini majina yote ninayoyataja ni ya wanaume. Alikuwa sahihi kuuliza. Diana Taurasi ana dhahabu sita za Olimpiki, kuanzia 2004 hadi 2024, na zaidi ya pointi 10,000 katika ligi ya wanawake ya Marekani, wa kwanza kufika huko. Kwa njaa ya kukaa muda mrefu namweka meza moja na LeBron.

Kwa hiyo Ijumaa tunaangalia fainali ya wanawake ya Paris 2024. Marekani waliifunga Ufaransa 67 kwa 66. Mtupo wa mwisho wa Gabby Williams uliingia wakati kengele inalia, lakini mguu wake ulikuwa umekanyaga msitari, zikahesabiwa pointi mbili badala ya tatu. Nahodha wangu anakanyaga msitari kila siku. Nitausimamisha mchezo hapo.