Mkonge ukiutazama kutoka juu ya tela

Ramadhani Tanga harusi hamna, na mpiga picha wa harusi mwezi huo anashinda tu anafuta lenzi, so mwaka ule nikabeba kamera nikaenda Muheza kwa mjomba, alikuwa nyapara kwenye shamba moja la mkonge upande wa Ngomeni. Kichwani nilikuwa na jambo moja, kupiga mimea huku naitembeza kamera makusudi wakati shata, kile kimlango cha kuingiza mwanga, iko wazi, majani yamwagike yawe rangi tu, mtu akiona ajue ni mchoro. Nilishajaribu minazi pale Raskazone ila kila mnazi umeinama kivyake, ukiburuta kamera unapata uji. Mkonge mwenzangu ni mistari. Umepandwa kwa kamba, safu mbili mbili, udongo mwekundu katikati, afu kuna ile iliyozeeka ishatoa mlingoti, lile shina la maua, mita tano sita kwenda juu, na ukishatoa mlingoti ndo basi tena, unakufa.

Mchana niliacha kamera kwenye begi. Hata ukishusha aiso, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 100, na apacha, lile tundu la lenzi, ukalibana hadi f/22, lile jua linataka shata kama 1/50 ya sekunde, hapo uirushe kamera utakavyo picha inatoka kali tu. Nikasubiri mpaka jua linakaribia kukaa juu ya Usambara, linapiga ubavuni, na jani la mkonge lina kitu kama nta hivi, mwanga ukilala pale linageuka kama fedha yenye ubuluu. Lilipojificha nyuma ya milima nikapata nusu sekunde. Milingoti unaiburuta juu kwenda chini, na mkono uanze kutembea kabla hujabonyeza na uendelee hata shata ikishafunga, ukianzia palepale unaona alama ya kushtuka mwanzoni mwa mstari. Ila ukitulia kidogo kwanza ndo ukaburuta, mlingoti unabaki na umbo lake, halafu unayeyuka. Hiyo ndo nilikuwa naipenda zaidi.

Mjomba kaja kuchungulia skrini.

"Mbona zimeharibika zote?"

"Ndo ninavyozitaka mjomba."

"Na wenye harusi zao unawapa hizi?"

Nikacheka, nikampitishia nyingine, akafika kwenye moja niliyoiburuta pembeni, safu zote zimekuwa michirizi ya kijani na nyekundu, akanyamaza kidogo. Akasema hii naijua. Hivi ndo tunavyouona sisi tukirudi na tela, ukitazama mbele unaona mkonge, ukitazama ubavuni huoni hata mmoja, unaona hivi.

Sasa tela la mwisho la majani lilikuwa linaondoka kwenda korona, ule mtambo wa kutoa nyuzi, dereva anawahi futari, tukapanda juu ya mafungu, na kukaa juu ya mafungu ya mkonge si kukaa kwa raha, ncha zinatafuta pa kukuchoma na ule utomvu unawasha hatari. Nikaweka shata robo sekunde, mkono nimeukaza sasa, trekta ndo linatembeza kamera. Aisee. Safu zinafunguka unaona mpaka mwisho wa shamba, zinafunga, zinafunguka, mkonge wa karibu unapita kama rangi iliyomwagika lakini milingoti ya mbali imesimama karibu palepale, kitu ambacho kwa mkono nisingekipata kamwe maana mkono ukizungusha kamera, vya mbali na vya karibu vinaburutwa sawasawa. Na kila shimo barabarani likaongeza wimbi lake kwenye mstari. Adhana ikatukuta njiani, mjomba akatoa tende mfukoni akanigawia, nikala kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kamera, akaniambia we mtoto hebu futuru kwanza hilo dubwasha halikimbii. Mwanga ndo ulikuwa unakimbia mjomba, ila nikaweka chini.

Baada ya Idi nikamchapishia mbili, ile ya ubavuni niliyoiona bora kuliko zote, na moja ya kawaida aliyonidai mwenyewe, kasimama wima mbele ya trekta kakunja mikono hacheki. Ya trekta ndo iko ukutani. Ile ya michirizi mkazamjomba kaiweka kwenye chumba cha wageni, kaning'iniza kwa wima, milingoti yote imelala, na anasema hivyo ndo inapendeza.