Paka wetu Sato

Leo asubuhi nimepita soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kununua dagaa. Mama muuzaji anainua kisado kunipimia, mara paka wa rangi ya majivu akatoka chini ya meza, akajisugua mguuni kwangu.

Nikaganda.

Tulipokuwa wadogo kule Igogo tulikuwa na paka wa rangi hiyo hiyo. Bibi alimwita Sato, maana dagaa alikuwa hawagusi kabisa. Yeye na kichwa cha samaki sato tu. Baba akirudi ziwani alfajiri, Sato alishazijua hatua zake, yuko mlangoni.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa (Mwanza mnaijua, kila ua na jiwe lake). Nikitoka shule nilijilaza pale juu, Sato kifuani. Jiwe limeshika joto la mchana kutwa, yeye anakoroma taratibu, ziwa linameta kule chini.

Joto lile nimelisikia tena leo, mguuni.

Alipokufa tulimzika chini ya mwembe. Nililia hadi homa.

Yule wa Mwaloni nimemwachia dagaa kiganja kizima. Yeye dagaa anawala.

Wa kwenu aliitwa nani? Niambieni, nataka kuwasikia leo.